Barua ya wazi kwa Bodi na Menejimenti: Msisome umri wetu, someni majibu yetu

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,
Mkurugenzi Mkuu,
Mkuu wa Idara ya Utumishi.

YAH: KUTUMIA UMRI WA WAFANYAKAZI KUELEZA HALI YA KAMPUNI NA KUPANGA NANI APUNGUZWE

Waheshimiwa,

Kwa heshima zote, tunawaandikia hadharani baada ya njia za ndani kwisha. Tulianza kwa barua kwenda Idara ya Utumishi, tukajibiwa kwamba hoja zetu zimepokelewa na zinafanyiwa kazi. Tukaomba kikao, kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, mwisho hakuna aliyekitaja. Tukalipeleka suala kwenye baraza la wafanyakazi, likaandikwa katika kumbukumbu chini ya “mengineyo”, na yeyote aliyekaa kwenye vikao vya kutosha anajua mambo yanayowekwa huko huishia wapi.

Chanzo ni dodoso mlilotugawia kutuuliza tunavyouona mustakabali wa kiuchumi wa kampuni: mauzo, ajira, mishahara, na kama kampuni itakuwapo miaka kadhaa ijayo. Majibu yalipochambuliwa yakafuata umri. Vijana walikuwa na matumaini, watumishi wa siku nyingi walikuwa na mashaka, na wa katikati walijaza “sijui” kwa wingi. Hadi hapo hatuna ugomvi nanyi. Ugomvi umeanzia kwenye muhtasari uliopelekwa kwa Bodi, unaosema kwamba watumishi wa muda mrefu wamechoka na hawako tayari kwa mabadiliko, na kwamba vijana ndio wenye moyo wa kampuni mpya. Haukupita muda, mpango wa kupunguza wafanyakazi ukatoka, na orodha ya wanaoshauriwa kustaafu mapema ikapita kwenye mstari uleule wa umri.

Tunachodai ni hiki. Matarajio ya mfanyakazi kuhusu kesho ya kampuni hutokana na aliyokwisha kuyaona, alichokwisha kukiweka humo, na mlango wa kutokea alionao. Vitu hivi vitatu hubadilika kadiri mtu anavyokaa kazini, na ndiyo sababu majibu yalifuata umri. Ninyi mmeyachukua majibu hayo kuwa ushahidi wa tabia za watu, kisha mkazipangia tabia hizo hatima. Hoja zetu ni hizi zifuatazo.

1. Mashaka ya watumishi wa siku nyingi yameitwa uchovu.

Wapo kati yetu waliokuwapo kampuni ilipofunga kitengo kizima miaka ya nyuma. Wanakumbuka mpangilio wa mambo. Kwanza semina na safari zilisitishwa. Kisha anayeacha kazi hakupata wa kujaza nafasi yake. Wazabuni waliozoea kulipwa mwisho wa mwezi wakaanza kudai fedha kabla ya kushusha mzigo. Halafu zikaanza kuja hotuba za kutia moyo, nyingi kuliko kawaida. Watu hawa walipojaza dodoso walikuwa wanasoma dalili hizo hizo kwa mara ya pili. Mtunza ghala anajua mzigo umepungua kabla mhasibu hajajua, na fundi anajua vipuri vimeacha kuagizwa kabla ripoti ya robo mwaka haijachapwa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ong’o hushtuka, wahenga walisema, na tunajua methali hiyo inaweza kutumiwa kuwacheka wenzetu. Sawa. Basi tuonyesheni kwamba safari hii ni ung’ong’o. Hamjafanya hivyo, mmeandika tu kwamba wanaoshtuka ni wazee.

Wachumi wamelichunguza jambo hili kwa undani. Ulrike Malmendier na Stefan Nagel, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016, walionyesha kwamba watu hutabiri mfumuko wa bei wa kesho kwa kuegemea ule waliouishi wao wenyewe, na kwamba vijana huyumbishwa zaidi na matukio ya karibuni kwa sababu miaka michache iliyopita ni sehemu kubwa ya yote waliyoyaona. Utafiti huo ulihusu bei, lakini utaratibu wake unaeleweka hata kwenye karakana. Mwenye miaka mitatu kazini, ambaye miwili kati ya hiyo ilikuwa mizuri, ana haki ya kusema kampuni ni nzuri. Mwenye miaka ishirini na mitano ameiona hiyo miwili pia, ila anaipima pamoja na mingine yote. Hakuna aliyekosea hapo. Wana daftari zenye kurasa tofauti.

Tena kuna jambo ambalo Bodi inapaswa kulitazama kwa makini kuliko yote yaliyomo kwenye muhtasari: kama matarajio ya vijana hufuata ya karibuni, basi matumaini mnayojivunia ndiyo yatakayogeuka haraka zaidi. Msimu mmoja mbaya, mshahara mmoja uliochelewa, na kundi mnaloliita moyo wa kampuni mpya litakuwa la kwanza kutafuta kwingine. Mashaka ya wazee hayatikisiki upesi, lakini hata uaminifu wao hautikisiki upesi, kwani wamekwisha kuvuka misimu mibaya wakiwa hapa hapa.

Kuhusu dai kwamba umri humfanya mtu aone giza, sayansi ya saikolojia haiwaungi mkono. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wanapozeeka huelekea kuzingatia na kukumbuka mazuri zaidi kuliko mabaya, wakilinganishwa na vijana. Kwa hiyo mzee anaposema kampuni inayumba, hamuwezi kusema ni uzee unaonena. Kuhusu kupinga mabadiliko, Thomas Ng na Daniel Feldman walikusanya mwaka 2012 tafiti 418 zilizopima mambo sita ambayo watu hupenda kuyasema juu ya wafanyakazi wenye umri mkubwa, likiwamo hilo la kupinga mabadiliko na lile la kukosa ari. Ni moja tu kati ya hayo sita lililopata ushahidi: kwamba hawana hamu sana ya mafunzo na kujiendeleza. Tutalirudia hilo la mafunzo hapa chini, kwa sababu lina upande wake wa pili.

2. Matumaini ya vijana yamehesabiwa kama mali ya kampuni.

Kijana anapoweka alama kwenye “nina matumaini makubwa”, mmewahi kumuuliza ana matumaini na nini? Dodoso lilichanganya maswali mawili: kesho ya kampuni na kesho ya aliyeulizwa. Kwa mtu mwenye miaka hamsini na minane, mambo hayo mawili yanakaribia kuwa kitu kimoja. Kwa mwenye miaka ishirini na sita yako mbali sana. Anaweza kuiona kesho yake njema kabisa, na kampuni hii isiwemo.

Utafiti wa Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusu wahitimu wa vyuo nchini Kanada, uligundua kwamba walioingia kwenye ajira wakati wa mdororo walianza na kipato cha chini, na pengo hilo lilichukua takriban miaka 10 kuzibika. Njia kubwa ya kuliziba ilikuwa kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine aliye bora. Kijana aliyeanzia pabaya anajua hivyo bila kusoma utafiti wowote. Kwa hiyo sehemu ya matumaini mliyoyahesabu ni matumaini ya kuondoka.

Tena si vijana wote waliojaza kwa furaha. Walioajiriwa kwa mikataba ya muda maalumu, inayohuishwa kila mwaka, walijaza dodoso hilo wiki chache kabla ya mikataba yao kujadiliwa. Ni nani mwenye akili timamu ataandika kwamba kampuni inazama, kwenye karatasi ya mtu atakayeamua kama ataitwa tena? Paola Giuliano na Antonio Spilimbergo walionyesha mwaka 2014 kwamba waliopitia mdororo wa uchumi wakiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 25 huwa na imani ndogo kwamba juhudi peke yake huleta mafanikio, na huamini zaidi bahati. Wapo wengi wa namna hiyo humu ndani. Muhtasari wenu umewaweka kapu moja na wale walioingia wakati wa neema, mradi wote wana chini ya miaka thelathini na mitano.

Hapa kuna jambo zito zaidi, na tungeomba Mkurugenzi Mkuu alisome mwenyewe badala ya kusomewa. Mwaka 1979 mchumi Edward Lazear alieleza kwa nini sehemu nyingi za kazi humlipa mfanyakazi mchanga chini ya thamani anayozalisha, kisha humlipa mkongwe juu ya thamani hiyo. Ni mapatano ya muda mrefu: kijana anavumilia sasa kwa kuamini kwamba zamu yake itafika. Kwa maneno mengine, kila kijana anayekubali ngazi ya chini ya mshahara wenu ni mkopeshaji wa kampuni hii, na matumaini yake ndiyo dhamana pekee aliyonayo. Sasa ninyi mnawaondoa wakongwe wakati hasa malipo ya mkopo wao yameiva. Mnafanya hivyo mbele ya macho ya wale mnaowaomba mkopo mpya, na kwenye muhtasari huohuo mnawasifu kwa imani yao. Vijana wanaona. Tumekaa nao wakati wa chakula cha mchana, na hawaongei kama dodoso linavyosema.

3. Wa katikati hawakuulizwa kwa nini walisema “sijui”.

Mimi ninayeiandika barua hii kwa niaba ya wenzangu nimo katika kundi hili, kwa hiyo nitalisemea bila kuzunguka. Ni kundi la wenye miaka arobaini hadi hamsini na kitu. Muhtasari umetuita “wasio na msimamo”, na ukaendelea na mambo mengine.

Historia ina mfano mmoja ambao kila mkurugenzi anapaswa kuujua. Desemba 1963, kampuni ya magari ya Studebaker ya Marekani ilifunga kiwanda chake cha South Bend, jimbo la Indiana. Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi haukuwa na fedha za kutimiza ahadi zake zote, na makubaliano yaliyokuwapo yalipanga nani ataanza kulipwa. Waliofikisha miaka 60 na kutumikia miaka 10 au zaidi walipata pensheni yao yote. Waliokuwa kati ya miaka 40 na 59 wenye utumishi kama huo, wapatao 4,000, walipata takriban asilimia 15 ya kile walichokuwa wamekijenga. Waliobaki hawakupata kitu. Kundi hilo la kati lilikuwa na wastani wa umri wa miaka 52 na utumishi wa karibu miaka 23. Marekani ilichukua muda kupitisha sheria ya kulinda pensheni za kazini, hadi mwaka 1974, na mjadala kuhusu sheria hiyo ulirudi South Bend mara nyingi.

Ukiutazama mgawanyo huo unaelewa kwa nini kila umri hutarajia tofauti hata pale wote wanaposoma tangazo moja ukutani. Aliye karibu na mlango wa kustaafu anauliza kama mfuko utamfikisha. Kijana anauliza kama atapata kazi nyingine, na mara nyingi ataipata. Wa katikati ameweka mengi mno kuyaacha, na amebakiwa na miaka mingi mno kuweza kungojea tu. Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan, katika utafiti wao wa mwaka 1993 kuhusu jimbo la Pennsylvania, waliwafuatilia wafanyakazi wa muda mrefu waliopoteza kazi kwa sababu ya matatizo ya waajiri wao. Miaka mitano na zaidi baadaye, bado kipato chao kilikuwa chini kwa takriban robo. Ujuzi walioujenga kwa mwajiri mmoja haukuhama nao wote.

Mtu mwenye hatari hiyo mabegani anaposema “sijui”, maana yake ni kwamba amehesabu na hesabu imekosa tarakimu. Tarakimu hizo mnazo ninyi.

4. Kila umri umepewa habari yake.

Katika robo mwaka hiyohiyo ya dodoso tulisikia mambo matatu. Wageni kazini, kwenye semina ya kukaribishwa, walielezwa kwamba kampuni inajiandaa kupanuka na nafasi za uongozi zitafunguka. Wakuu wa vitengo, wengi wao wa umri wa kati, waliombwa subira kuhusu nyongeza ya mshahara kwa sababu mwaka ni wa mpito. Na watumishi wa siku nyingi, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, waliambiwa kwamba hali ya fedha ni ngumu kiasi kwamba kustaafu mapema sasa ni heri kuliko kungoja. Kisha ikagawiwa karatasi ya kuuliza matarajio yetu, na wachambuzi wakashangaa kwamba yanatofautiana kwa umri!

Katika habari hizo tatu ipo ambayo ni ya kweli, na pengine zipo mbili zenye ukweli wa nusunusu. Zote tatu haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Tunasisitiza hapa kwa sababu gharama ya kuwaelekeza watu kwenye matumaini yasiyo na msingi inajulikana. Septemba 2001 Kenneth Lay, mwenyekiti wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, aliwaambia wafanyakazi wake kwamba hisa za kampuni zilikuwa bei ya kutupa na ni fursa ya kununua. Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo kampuni iliomba kinga ya kufilisika. Zaidi ya nusu ya akiba ya kustaafu ya wafanyakazi katika mpango wa kampuni ilikuwa kwenye hisa hizo. Hisa ambazo kampuni ilichangia kama nyongeza kwenye akiba hiyo mfanyakazi hakuruhusiwa kuziuza hadi afikishe miaka 50. Umri, tena, ndio ulioamua nani angeweza kutoka na nani afungiwe ndani. Hatuwafananishi ninyi na wale. Tunasema tu kwamba mfanyakazi hupanga maisha yake kwa maneno ya mwajiri: hukopa, hujenga, husomesha, hukataa kazi nyingine. Maneno yakiwa matatu tofauti, yuko atakayeumia kwa kuamini lile lililomfikia.

5. Dodoso liliahidiwa kuwa la siri.

Halikuuliza jina. Liliuliza idara, jinsia, miaka ya utumishi na kundi la umri. Kwenye kitengo cha watu saba chenye mwanamke mmoja aliyevuka miaka hamsini na mitano, hayo manne yanatosha kuwa jina. Baadhi ya waliojibu kwa ukali zaidi wamo kwenye orodha ya kwanza ya kustaafu mapema. Huenda imetokea tu. Tunataka tuthibitishiwe hivyo kwa maandishi.

6. Mafunzo.

Tulisema tutarudi hapa. Ni kweli utafiti wa Ng na Feldman ulikuta hamu ndogo ya mafunzo kwa wenye umri mkubwa. Lakini kwenye kampuni hii, mwaliko wa mafunzo ya mfumo mpya ulikwenda kwa wenye “angalau miaka kumi ya utumishi mbele yao”. Huwezi kumnyima mtu kiti halafu ukaripoti kwamba hakukaa. Na mtu anayeona fedha za mafunzo zikiruka umri wake tayari amejibiwa swali lenu kuhusu mustakabali, kabla dodoso halijafika.

Tunajua majibu yatakayokuja, maana mengine tumekwisha kuyasikia kwenye korido.

Mtasema kwamba hali ya fedha ni siri ya biashara. Zipo siri halali: bei ya zabuni ambayo haijafunguliwa, mazungumzo na mnunuzi, fomula ya bidhaa. Hatuzitaki. Lakini Pendekezo Namba 129 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja waziwazi kwamba hali ya jumla ya sehemu ya kazi, pamoja na matarajio au mipango ya maendeleo yake, ni katika mambo ya kuwaeleza wafanyakazi, huku likiacha nafasi ya kulinda zile habari ambazo kuzitoa kungeleta madhara. Mkataba Namba 158 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1982, unataka mwajiri anayefikiria kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi awape wawakilishi wao, kwa wakati, sababu zake, idadi na makundi ya watakaoguswa. Ujerumani, kampuni yenye wafanyakazi wa kudumu zaidi ya 100 huwa na kamati ya uchumi ambamo wawakilishi wa wafanyakazi huelezwa hali ya fedha, uzalishaji na mauzo, na kwa kawaida hukutana kila mwezi. Kampuni za huko bado zinafanya biashara na siri zao zipo.

Mtasema kwamba mkiwaambia ukweli vijana wataondoka. Wengine wataondoka, ndiyo. Lakini kijana aliyeondoka kwa sababu mlimwambia ukweli anaweza kurudi mambo yakitengemaa. Aliyeondoka kwa sababu aliugundua mwenyewe harudi, na huwaeleza wenzake njiani.

Mtasema kwamba hata ninyi hamjui kesho itakuwaje. Hilo tunaliamini kabisa, na lingekuwa jambo jema kulisikia kutoka kwenu. Tuelezeni mnachokikisia na kwa nini: mmechukulia oda zitakuwa ngapi, riba ya mikopo itakuwa kiasi gani, mteja mkubwa atabaki au la. Mfanyakazi anayejua makisio yanasimama juu ya nini anaweza kuyafuatilia na kubadilisha mawazo yake kwa sababu zinazoonekana, awe na miaka ishirini au sitini.

Na yupo atakayesema kwamba wafanyakazi wa kawaida hawaelewi mizania. Walioendesha bajeti ya nyumba kwa mshahara wenu wanaelewa mizania.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja baada ya jingine:

(a) Bodi ifute kwenye kumbukumbu zake maelezo yanayowataja watumishi wa muda mrefu kuwa wamechoka na wasiotaka mabadiliko, na ipelekewe majibu ya dodoso yakiwa yamechambuliwa pia kwa aina ya mkataba, idara na mwaka wa kuajiriwa. Tunatarajia tofauti nyingi zinazoonekana kuwa za umri zitapungua mtu akitazama hivyo.

(b) Orodha ya kustaafu mapema isimamishwe hadi vigezo vya kuchagua vichapishwe, na Mkuu wa Idara ya Utumishi athibitishe kwa saini kwamba majibu ya dodoso hayakutumika. Aliyekwisha kusaini chini ya shinikizo apewe nafasi ya kufikiri upya.

(c) Kila robo mwaka itolewe taarifa moja, yenye maneno yaleyale, kwa wafanyakazi wote: mauzo na oda zilizopo, madeni yaliyoiva, nafasi zilizoachwa wazi na zitakazojazwa, na kama michango ya pensheni imewasilishwa kwenye mfuko na hadi mwezi gani. Hili la mwisho halina subira. Tunataka stakabadhi zionekane sasa.

(d) Wenye mikataba ya muda maalumu waelezwe walau miezi mitatu kabla kama mikataba itahuishwa, na wasijaze dodoso lolote lenye utambulisho katika kipindi hicho.

(e) Sharti la miaka kumi mbele liondolewe kwenye mafunzo.

(f) Dodoso lijalo litayarishwe pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi, litenganishe swali la kesho ya kampuni na swali la kesho ya mhusika, na liwe na swali hili, ambalo la kwanza halikuwa nalo: unategemea taarifa gani kujibu hivyo, na ulipewa na nani?

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua hii, likiwa na saini ya Mwenyekiti wa Bodi. Kikao tutahudhuria mkikiitisha, kwa sharti kwamba ujumbe wetu uwe na watu wa rika zote tatu na wote waelezwe mambo yaleyale wakiwa chumba kimoja. Muda huo ukipita bila jibu tutawasilisha nakala ya barua hii, pamoja na viambatisho, kwa mamlaka ya kazi na kwa msimamizi wa mfuko wa pensheni.

Wenu katika kazi,

Wawakilishi wa wafanyakazi waliochaguliwa,
kwa niaba ya wafanyakazi wa mikataba ya kudumu na ya muda maalumu.

Nakala:
Katibu wa chama cha wafanyakazi, tawi la kampuni;
Mkaguzi wa hesabu wa nje;
Mbao zote za matangazo.